Injini Mpya, Ngamia Kumi na Mmoja

Jumapili, 3 Novemba

Nimeamua. Injini inatoka.

Landkruza yangu ni ya mwaka themanini na sita. Bodi nzima, chasisi haina kutu, viti nimevishona upya. Tatizo ni injini. Dizeli, kongwe, inakohoa. Sikukuu iliyopita nilijaribu kupanda Rakhma, kile kilima kikubwa cha mchanga nyuma ya mji wetu, na Bidiya nzima ikitazama. Nikafika nusu. Gari likasimama, likaanza kurudi lenyewe kinyumenyume, taratibu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Aliyekuja kunivuta ni Khalfan, binamu wa mke wangu. Alinivuta kwa adabu. Hakucheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa jambo lenyewe. Mimi ndiye mtunzaji wa ngamia wa mama mkwe wangu, Bi Ghaniya, ambaye sote tunamwita Mama. Majike kumi na moja. Sina kazi nyingine, na sijui nyingine. Ijumaa ya tarehe kumi na tano wanakuja wageni kutoka Buraimi, watu wa mbio za ngamia, kumtazama Musayha, jike letu bora. Wakimpenda, msimu huu atakimbia kwa jina la Mama. Na Mama kasema wazi: wageni wakishaondoka ataamua ngamia wabaki kwangu au waende kwa Khalfan, mwenye shamba na kisima.

Kwa hiyo wageni lazima wanikute mtu wa maana. Mtu wa maana hafiki na gari linalokohoa. Fundi Nazir ana injini ya petroli, imetoka kwenye gari la kifahari lililopinduka. Silinda nane! Zuwaina, mke wangu, kauliza hizi sita za sasa zina kosa gani. Nimemwambia mambo ya ufundi hayaelezeki jikoni. Kasema tumekaa sebuleni.

Jumanne, 5 Novemba

Gereji tangu asubuhi. Injini ya zamani inaning'inia kwenye mnyororo, inadondosha mafuta tone moja moja. Nilisikia kitu kidogo kifuani. Nikakipuuza.

Nazir ni Mpakistani, yuko Bidiya miaka ishirini na mbili, na Kiarabu chake cha mchangani kinanishinda hata mimi niliyezaliwa hapa. Kanitajia matatizo. Giaboksi ya zamani haikubaliani na injini mpya. Vishikizo vya injini itabidi vikatwe na kuchomelewa upya. Rejeta ni ndogo. Nyaya ni nyingi kuliko nyaya za nyumba yangu. Nikamwuliza inawezekana au haiwezekani. Kasema kila kitu kinawezekana, hata kuoa wake wanne. Sikuelewa ana maana gani. Nikamwambia aanze.

Malipo tumepatana bila kelele. Anachukua injini ya zamani pamoja na jenereta yangu. Nimemzidi akili kabisa. Nani katika dunia hii ataitaka injini ile?

Ijumaa, 8 Novemba

Imewaka!

Boneti haifungi. Injini ni ndefu kwenda juu. Nazir alitaka siku mbili zaidi akate bati vizuri na kulivisha kofia. Nikamwambia muda hakuna, toboa. Sasa nina boneti yenye tundu, na ndani ya tundu kitu kinachong'aa kinachungulia. Mimi naona inapendeza.

Na mlio! Watu walikuwa wanatoka kwenye sala ya Ijumaa. Wote waligeuka. Mzee mmoja alishika kilemba chake kwa mikono miwili. Khalfan naye alikuwepo, kanipungia mkono na kuniombea baraka. Mnafiki.

Kuna tatizo moja, dogo sana. Mshale wa joto unapanda juu hata kabla hujatoka mtaani. Nazir kasema dawa ya muda ni kufungulia hita ya ndani mpaka mwisho, ili ivute joto kutoka kwenye injini. Hita. Bidiya. Nilifika nyumbani kanzu imegandia mwilini. Zuwaina kauliza nimetumbukia kwenye mfereji gani. Nimemwambia ni jasho la furaha.

Jumamosi, 9 Novemba

Kwa miaka tisa utaratibu wetu ni mmoja. Ngamia wanashinda mchangani wakitafuna vichaka. Alasiri nafika na majani mabichi na tende, nasimama bondeni, naiacha injini ikiunguruma. Basi. Wanakuja wote, mbio, Musayha mbele. Marehemu baba mkwe alikuwa akiwaita kwa sauti, kwa wimbo wake mwenyewe. Mimi sikujifunza. Kwa nini nipasue koo na gari lipo? Ngamia wa sasa wamezaliwa wote zamu yangu. Wimbo ule hawaujui.

Leo nikasimama palepale. Saa ileile. Nikakanyaga mafuta.

Musayha akainua shingo. Akanitazama. Akalitazama tundu la boneti. Kisha akageuka akatimua mbio, wenzake kumi nyuma yake, mpaka wakawa nukta.

Nadhani ni upepo.

Jumapili, 10 Novemba

Si upepo.

Jaribio la kwanza: nimevaa kanzu yangu kuukuu wanayoijua. Wakakimbia. La pili: nimeliacha gari mbali, nikawaendea kwa miguu na tita la majani kichwani. Hawakukimbia, lakini walikuwa wakisogea kila nikisogea, kwa heshima, kama watu wanaomkwepa mwenda wazimu sokoni. Hawajawahi kuniona nje ya gari. Nadhani miaka yote hii walidhani mimi ni kipande cha gari.

La tatu lilikuwa la kitaalamu. Nimeazima kipaza sauti cha timu ya mpira. Nikapanda juu ya gari, nikaiga injini ya zamani kwa mdomo. Duku-duku-duku-duku. Nikatia na kikohozi chake cha kila baada ya dakika. Saa nzima. Akaja mbuzi. Si wangu.

Zuwaina alikuwa amekuja na maji ya kunywa, kumbe kasimama nyuma muda wote. Alipomaliza kucheka alikaa mchangani akapangusa macho.

"Miaka tisa umewafundisha kuipenda injini," kasema. "Halafu umeipa talaka bila kuwaambia."

Nimemwambia sauti iliyokaribia kufanana na injini ile ilikuwa ya jenereta, na jenereta ningekuwa nayo lau si tamaa ya Nazir. Kaondoka na maji yake.

Jumatatu, 11 Novemba

Ngamia hawapo! Nimezunguka tangu alfajiri mpaka adhuhuri, hita imefunguliwa, midomo imepasuka. Hakuna hata kinyesi kibichi. Ndipo simu ikalia. Khalfan.

"Salaam aleikum, shemeji. Wageni wako wako kwangu. Wamekula, usiwe na wasiwasi."

Nikaenda. Kabla sijafika kwenye lango la shamba nikaisikia. Duku-duku-duku. Injini yangu! Ameifunga kwenye saruji kando ya kisima, inavuta maji. Pampu yake ya umeme iliungua juzi, akaenda kwa Nazir kutafuta chochote kinachozunguka, Nazir akampa. Ngamia wote kumi na mmoja wameizunguka, wametulia. Musayha kafumba macho. Uzio uko chini. Majani ya Khalfan, matuta matatu mazima, yamebaki mizizi.

Khalfan kaniomba radhi. Yeye! Eti hakujua injini ilikuwa yangu, na eti wageni wetu wa heri wamemletea baraka. Nikamwambia aizime. Kasema angeizima hata sasa hivi, ila mitende yake ndiyo kwanza inaonja maji. Akanipa kahawa. Nikainywa kwa hasira.

Tumewarudisha kwa kamba, mimi na Zuwaina, kwa miguu, mmoja mmoja. Mikono yote malengelenge.

Jumanne, 12 Novemba

Wamerudi kwa Khalfan.

Alhamisi, 14 Novemba

Kesho wageni. Mama kapiga simu kuuliza ngamia wanaendeleaje. Nimesema hawajawahi kuwa na furaha kama wiki hii. Si uongo.

Nimepanga kila kitu. Ngamia nimewarudisha tena na kuwafunga kamba za miguu ndani ya zizi, manyoya yamechanwa, Musayha kavishwa kitambaa chekundu shingoni. Gari litakaa limezimwa, lionekane tu. Wageni wanafika, wanatazama, wanasifu, wanakunywa kahawa, wanakwenda. Hatari ni moja. Khalfan akiwasha pampu kesho, ngamia watakata kamba na kwenda kunifedhehesha mbele za watu.

Kwa hiyo leo, Khalfan alipokwenda kusali alasiri, nimeingia shambani. Nimefungua bomba la tangi na kukinga dizeli yote kwenye ndoo. Nimebeba na galoni yake ya akiba. Nikajaribu kuiwasha injini, ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Ilinitia huzuni, nakiri. Nimemwachia chupa ya asali ya mlimani mlangoni, isije ikawa dhuluma. Sioni pengo lolote katika mpango huu.

Ijumaa, 15 Novemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Wageni walikuwa wazee watatu wenye fimbo nyembamba na maneno machache. Mkeka, kahawa, halwa, kila kitu mahali pake. Mama alikaa wima na barakoa yake mpya. Musayha alisimama kama bibi harusi. Mmoja wa wazee akalikodolea macho gari langu, akauliza ni silinda ngapi. Nane, nikasema. Akatikisa kichwa kwa mshangao. Kwa robo saa nzima nilikuwa mtu wa maana.

Kisha mkubwa wao kasema ngamia aliyefungwa hajulikani. Wafunguliwe wote, waende mbali, halafu mwenyewe awaite. Namna jike anavyorudi kwa mwenyewe ndiyo namna atakavyokimbia uwanjani. Ni desturi. Tukawafungua. Wakaondoka polepole, wakafika mbali, wakaanza kutafuna vichaka.

"Musallam," kasema Mama. "Waite."

Watu wote wananitazama. Wimbo wa baba mkwe siujui. Ningefanya nini? Nikawasha silinda nane.

Wakaruka kama waliomwagiwa maji ya moto. Safari hii hapakuwa na pampu inayounguruma popote, hivyo hawakuwa na pa kukimbilia. Wakashika njia ya kusini, mchanga mtupu. Wote kumi na mmoja. Mgeni mkubwa akaweka kikombe chini. Mama akaanza kufunika halwa.

Upande ule hakuna kisima wala mtu mpaka ufike baharini. Kila mwenye gari akaondoka kuwatafuta. Musayha mama yake alikufa siku aliyomzaa. Mimi ndiye niliyemlea kwa chupa, akiwa amelala kwenye kiti cha abiria, kichwa mapajani mwangu. Na leo nimemfukuza kwa kujionyesha. Nilijisikia vibaya sana. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Nikaelekea Rakhma, maana juu yake unaona dunia yote. Hita mpaka mwisho, machozi na jasho havitofautiani tena. Sikufikiria kilima, nilifikiria ngamia. Gari likapanda. Likapita pale pa nusu. Likaendelea. Likafika juu kabisa, kileleni, kwenye ukingo! Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeniona. Hata mbuzi.

Papo hapo rejeta ikachemka, mvuke ukatoka tunduni, gari likazima. Chini, mbali, nikaziona nukta kumi na moja zikienda kusini. Nikaanza kupiga kelele, majina yao, moja moja. Hawakusikia. Kisha nyuma yangu, kutoka shambani, ikaja sauti hafifu. Duku-duku-duku.

Khalfan alikuta tangi tupu, akanyonya dizeli kwenye trekta la jirani, akawasha. Nukta zikasimama. Zikageuka. Zikaja kwa mstari mmoja, Musayha mbele, shingo imenyooka, hajawahi kukimbia namna ile maishani mwake. Wazee wa Buraimi, waliopelekwa kwa Khalfan kusubiri habari, walikuwa wamesimama kwenye lango la shamba wakitazama. Wamemchagua kabla hajafika.

Niliyaona yote kutoka juu. Sikuweza kushuka mpaka injini ipoe. Kahawa ya furaha imenywewa kwa Khalfan.

Jumamosi, 16 Novemba

Mama katuita, mimi, Zuwaina na Khalfan. Nilikwenda nimejiandaa kukanusha habari za dizeli. Khalfan hakuitaja. Alitaja asali tu. Kasema ni tamu, na kama najua aliyeiacha nimpe shukrani zake. Afadhali angenipiga.

Mama kasema, "Wiki nzima nimefikiri nimpe nani ngamia. Nimeona si wako wewe wala wewe. Ni wa ile injini. Itakapokaa, ndipo watakapokaa."

Khalfan akainua mkono.

"Shangazi, nakuomba kwa Mungu," kasema. "Majani wamemaliza, sasa wameanza miche ya mitende. Mrudishie shemeji injini yake."

Mama kamwuliza maji atayavuta kwa kitu gani. Kisha wote watatu wakageuka taratibu, wakatazama nje, lilipoegeshwa gari langu.

Nilibisha. Nilisema silinda nane kuvutia maji ya mitende ni aibu kwa ukoo mzima. Nilisema injini ile imepanda Rakhma. Khalfan kauliza lini. Nikasema jana. Kauliza nani aliona. Zuwaina akainamisha kichwa.

"Musallam, mwanangu, chagua," kasema Mama. "Silinda nane au ngamia kumi na mmoja."

Nilifikiri. Naandika hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma, kwamba nilifikiri muda mrefu kupita ulivyofaa. Zuwaina akanikanyaga mguu. Nikasema ngamia.

Jumatano, 20 Novemba

Nazir kamaliza. Injini ya zamani imerudi mahali pake, ile nyingine imekwenda kisimani. Ujira wake safari hii ni dishi langu la televisheni. Nimemwambia ni mnyonyaji. Kasema ndiyo, na kuniuliza kiraka cha tundu la boneti nataka cha rangi gani.

Alasiri nimesimama bondeni. Nikawasha. Ikakohoa, ikatulia. Duku-duku-duku. Wakatokea juu ya kilima, wote, mbio, vumbi kila mahali. Musayha akafika wa kwanza, akaweka kidevu juu ya boneti yenye moto, akapumua. Nililia. Zuwaina kauliza. Nikasema vumbi. Akanishika bega na kusema hata yeye limemwingia.

Mama kaleta ujumbe: ngamia wanabaki kwangu mwaka mzima, kwa sharti moja. Injini isiguswe. Nimeapa mbele ya Khalfan na majirani wawili. Nimeapa kwa moyo mmoja. Sijawahi kuwa na furaha namna hii.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimepata siku mbili za kufikiri kwa utulivu. Sasa nimeelewa kosa lilikuwa wapi.

Kosa halikuwa kubadilisha injini. Kosa ni malezi. Ngamia wamezoeshwa sauti moja tu, jambo la hatari mno kwa kundi lenye thamani. Injini hii ikifa kesho, je? Mtunzaji mwenye upeo huwazoesha sauti mbalimbali, kidogo kidogo, kwa upendo. Mama mwenyewe angekubali, kama angeelezwa vizuri. Sitamweleza kwa sasa.

Nazir ana tabo ya lori la samaki, ile ya kuipulizia injini hewa, haina hata mwaka. Inaongeza nguvu karibu mara mbili, na sauti haibadiliki. Kuna filimbi kidogo tu, juu kwa juu. Wala hiyo si kugusa injini, maana tabo hukaa pembeni. Jana nilimpigia Musayha mluzi sikioni ili kupima. Alisogea hatua kumi tu. Mwanzo mzuri sana.

Zuwaina kachungulia na kuuliza naandika nini. Nimesema hesabu ya majani. Kanitazama kwa muda, kisha kaenda kumsaidia mama yake kufunga mizigo. Mama anakwenda Umra Jumapili asubuhi, wiki mbili. Nazir nimemwambia Jumapili mchana, aje na mashine ya kuchomelea.